Maji ya Kwanza Yana Mbolea

Kitanda cha mama yangu kilikuwa kinapanda juu mwaka hadi mwaka. Mafuriko ya kwanza yalipotuingilia, tulikiinua kwa tofali moja kila mguu. Mwaka uliofuata maji yakalipita tofali hilo, tukaongeza la pili. Kufikia mwaka wa tano matofali yalikuwa matano, na mama, ambaye Mungu hakumjalia urefu tangu mwanzo, alikuwa anakanyaga kigoda ndipo apande kulala, kama mtu anayepanda lori. Nilimwambia siku moja ataanguka avunjike nyonga. Akanijibu kwamba hajawahi kusikia mtu aliyekufa kwa kuanguka kutoka kitandani, ila waliokufa wakiwa wamelala kitandani anawajua wengi.

Huyo ndiye mama yangu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa najibiwa kila Desemba kwa miaka mitano.

Nyumba yake iko Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa bondeni, hatua chache kutoka kwenye korongo. Mimi nakaa Area D, mjini, na nafundisha jiografia sekondari. Tulimzika baba mwezi wa sita, na mvua za Desemba hiyo hiyo maji yakaingia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikasema mabaya hayaji peke yake. Mwaka wa pili yakaingia tena. Mwaka wa tatu nikaacha kushangaa nikaanza kukasirika, na hasira hiyo sikuiweka chini hadi juzi juzi.

Ukimweleza mtu wa Dar es Salaam kwamba Dodoma kuna mafuriko, anakucheka. Anaijua Dodoma ya vumbi, na hajakosea. Miezi saba, minane, hakuna tone. Korongo linakuwa mchanga mtupu, watu wanachimba wa kujengea, mbuzi wanakatiza, watoto wanacheza mpira humo. Halafu siku moja, na mara nyingi siku hiyo kwako jua linawaka, mvua inanyesha huko milimani usikokuona, na korongo linaanza kuunguruma. Maji yanakuja yote kwa mkupuo. Baada ya saa mbili tatu yamekwisha kupita, na anga bado ni la buluu, na wewe umesimama sebuleni kwa mama yako tope likiwa limekufika kwenye vigimbi.

Na kulalamika huruhusiwi. Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza kabisa. Katika nchi kame kama yetu mtu haisemi vibaya mvua. Nilijaribu mara moja ofisini kwa walimu, nikasema mvua hii imezidi, na mwenzangu mmoja mwenye shamba la uwele kule Hombolo akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi. Kanisani tulikuwa tunasimama kuomba mvua, na mimi naitikia amina meno yakiwa yamekaza, huku moyoni nahesabu ndoo nilizonazo nyumbani.

Tope la mbuga lina tabia zake. Ni jeusi, linanata, na usipolitoa siku ile ile linakuwa sakafu mpya. Unaanza na koleo, unafuata na ufagio wa chelewa, kisha unapiga magoti na mfuniko wa sufuria kuukuu unakwangua pembeni mwa kuta. Godoro linapandishwa juu ya banda la mbuzi likauke, na mbuzi wanalichungulia. Mlango wa chumbani umevimba, haufungi hadi Machi. Vyura wako ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Ukuta chini umeliwa, inabidi uukandike upya kwa udongo na samadi, na mkono wa mama ndio uliokuwa ukijua vipimo. Wangu ulikuwa ukiacha mabonde. Vitu vya maana, yaani karatasi ya kiwanja, picha ya harusi yao na vyeti vya ubatizo vya wajukuu, vilikuwa vinaning'inia kwenye mfuko wa nailoni juu ya boriti mwaka mzima. Krismasi tano nilizila hivyo, nikiwa na tope kwenye nywele.

Lakini kilichokuwa kinaniudhi kuliko tope ni furaha ya mama. Nilikuwa nafika pale nimenuna, na yeye anatokea shambani, miguu myeusi hadi mapajani, kanga ameifunga kiunoni, uso unang'aa.

"Mwalimu, umefika! Mbukwa!" ananisalimia kwa Kigogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uone shamba lilivyoshiba!"

"Na nyumba je, mama? Nyumba nayo imeshiba."

"Aa, nyumba itakauka."

Shamba lenyewe ni majaruba mawili ya mpunga, yamezungushiwa tuta, yako kati ya korongo na nyumba. Sitayadharau. Mpunga ule ndio ulionisomesha mimi na kaka yangu, na mpaka leo mchele wa mama ukiuchemsha jirani wa tatu anajua mnapika nini. Lakini nilikuwa nikiona ni uchizi mtu kufurahia maji yaliyomzolea kuku.

Kaka yangu yuko Mwanza. Kila mwaka nilimtumia picha za tope, na kila mwaka alinijibu kwa neno moja: "Mhamisheni." Sijui alikuwa anawaambia akina nani, maana huku Dodoma nilikuwa peke yangu. Na kumhamisha nilijaribu. Tuna kiwanja juu, karibu na barabara, pakavu, na matofali ya kuanzia yalikuwepo. Mama alikuja, akakizunguka kiwanja, akakisifu, akasema panafaa kwa kanisa.

"Kwa nini si kwa nyumba yako?"

"Nikikaa huku juu, korongo nitalisikiaje?"

Nilidhani ni maneno ya uzee. Kwa nini mtu atake kulisikia korongo? Nikamwambia kaka kwamba sikio la kufa halisikii dawa, naye akaniwekea alama ya mikono inayosali.

Basi nikaamua kutafuta wa kulaumiwa, na sikumkosa. Juu kidogo ya kwetu kuna kalavati chini ya barabara ya vumbi, bomba lenyewe jembamba, na mimi nilikuwa na hakika kwamba linaziba, maji yanafurika na kutugeukia. Juu zaidi watu wanajenga, mabati na pevingi kila mahali, ardhi hainywi tena. Haya yote nayafundisha kidato cha tatu. Niliandika barua tatu ofisini kwa wahusika, nikaambatanisha picha, na ramani niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi, mishale ya buluu ikionyesha maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Ilikuwa ramani nzuri, niliitumia hata kwenye mtihani.

Baada ya mafuriko ya tano akaja injinia, mwanamke wa rika langu, amevaa buti za mpira, hana maneno mengi. Alikagua kalavati, akaingia kwa tochi hadi katikati, akatoka. Akashuka na korongo taratibu akitazama kingo. Mimi namfuata nikieleza. Alipofika kwenye tuta la shamba letu akasimama, akachutama, akaniita.

"Mwalimu, njoo uone hapa."

Palikuwa na uwazi kwenye tuta, upana wa mlango. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, na alama za jembe zilionekana wazi. Udongo uliotolewa ulikuwa umelundikwa pembeni vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu aliyezoea.

"Kalavati lako halina tatizo," akasema. "Maji yamepita hapa. Na hapa hapakubomoka, pamekatwa."

"Nani kapakata?"

Injinia alisimama wima. Alitazama upande wa nyumba. Nami nikatazama. Mama alikuwa uani, ghafla ana shughuli nyingi na kuku.

Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na nililisema kwa sauti. Nikaenda uani.

"Mama, lile tuta umelifungua wewe?"

"Sasa alifungue nani?"

"Mwaka huu tu?"

"Kila mwaka. Tangu nilipoolewa hapa."

"Unayafungulia maji yaje kukubomolea nyumba?"

Hapo akawaacha kuku, akanigeukia kama mimi ndiye mtoto wa kidato cha tatu. "Maji ya kwanza yana mbolea," akasema. "Yanafagia mazizi yote ya huko juu, yanaleta mavi ya ng'ombe na majani na udongo mzuri. Ya pili ni maji tu. Ukiyaacha ya kwanza yapite, basi, mwaka umepita. Na usipoyachukua wewe, anayachukua wa ng'ambo." Akaelekeza kidevu upande wa pili wa korongo, kwenye shamba la jirani yetu, mzee mmoja mwenye adabu nyingi ambaye naye, nikaja kuona, ana mdomo kwenye tuta lake.

Injinia alikuwa amefika nyuma yetu. Akakohoa kidogo. Akasema kitu kama hicho kinaweza kuwekewa geti dogo la mbao, ila geti linataka mtu wa kulifunga kwa wakati. Nilimsikia, lakini sikuyashika maneno yake. Nilikuwa nafikiria barua zangu tatu na mishale ya buluu. Nilimwomba tu asiandike kwenye daftari lake kwamba mwalimu wa jiografia ndiye mlalamikaji, akacheka, akaahidi.

Naomba nieleweke. Miaka mitano nilikuwa nachota tope lililokaribishwa. Nilikuwa nimeukosa usingizi, nimeharibu kiuno, nimeharibu Krismasi, kwa ajili ya maji ambayo mama yangu mzazi aliyatokea na jembe kuyapokea kama mtu anayempokea mgeni stendi. Niliona aibu na nikaona hasira, na kati ya hivyo viwili sikubakiza nafasi ya kuuliza swali hata moja la maana.

Mwezi wa tisa mama alikwenda Hombolo kwenye msiba wa dada yake, akakaa wiki mbili. Siku ya pili tu mimi nilikuwa Zuzu na viroba vitupu na saruji. Nikajaza mchanga wa korongo, nikachanganya, nikapanga viroba kwenye ule mdomo safu kwa safu, nikapiga lipu juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikawa najisemea, na mimi nikaziba ufa kwa kujenga ukuta kabisa. Jirani wa ng'ambo alikuja kunisaidia kubeba. Alifanya kazi kwa moyo sana, yule mzee, siku nzima, na chai akakataa. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini.

Mama aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye tuta. Aliuweka mkono juu ya lipu. Akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, mara mbili.

"Umefanya kazi ngumu," akasema, akaingia ndani.

Nilitegemea ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zangu, na hoja zikanibaki mkononi.

Desemba korongo likaja. Likaunguruma, likapita, likaenda zake. Ndani ya nyumba hapakuingia hata tone. Nilipiga picha sakafu kavu nikamtumia kaka, naye akanitumia vidole gumba vingi. Siku hiyo niliyatoa matofali chini ya kitanda kwa mikono yangu, moja baada ya jingine, miguu yote minne, nikayapanga nje. Mama alisimama mlangoni ananitazama. 

Akapanda mpunga kwa mvua tu, kama wanavyopanda wasio na korongo. Januari ulitoka, ukapendeza. Februari mvua ikakata, kama inavyokata kwetu karibu kila mwaka, na jua likakaa wiki tatu. Miaka mingine majaruba yalikuwa na maji yake tumboni, yanasubiri. Safari hii hayakuwa na kitu. Ardhi ikapasuka nyufa za kuingia mkono. Mpunga ukawa wa manjano, kisha ukawa rangi ya karatasi kuukuu. Ng'ambo ya korongo shamba la mzee lilikuwa la kijani hadi linaumiza macho, na mzee mwenyewe siku hizo alikuwa ananisalimia kwa heshima kubwa sana.

Mwezi wa nne, siku ya Jumamosi, nikasikia hodi Area D. Mama alikuwa mlangoni na begi moja.

"Nyumba ni kavu, mwanangu," akasema. "Imekauka kabisa. Sasa naikalia ya nini?"

Kaka alipopata habari alisema Mungu mkubwa. Kwa miaka mitano hili ndilo tulilokuwa tukiliomba, mama awe mjini, pakavu, karibu na hospitali. Nikamwandalia chumba chenye dirisha. Kitanda kikawa cha kawaida, hakihitaji kigoda.

Siku ya tatu aliamka akaniambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko wapi?"

Nikacheka. Sikuwa na jembe. Kwangu uwanja wote ni pevingi, hata mahali pa kupanda mchicha hapana, na niliwahi kujisifu kwa hilo. Akachukua ufagio, akafagia pevingi. Kesho yake akafagia tena. Alizifagia hadi zikawa hazina la kufagiwa, akaacha, akakaa kwenye kiti kibarazani, mikono ameilaza mapajani, viganja juu. Wali wa dukani alikuwa anaonja vijiko viwili, anasema hauna harufu, anausogeza. Alikonda.

Lakini si chakula kilichonitisha. Mama aliacha kunibishia. Nikimuuliza tule nini, "Chochote." Nikimwambia avae sweta, anavaa. Nilimwambia siku moja, kwa makusudi, kwamba labda tuuze lile shamba la Zuzu, nikakaa kusubiri radi. Akasema, "Kama unavyoona wewe, mwalimu." Nilikwenda jikoni nikalia, nikatoka nikiwa nimemkasirikia zaidi. Maisha yangu yote nimelalamika kwamba mama hanisikilizi, na sasa alikuwa ananisikiliza, na niliogopa. Niliogopa kwamba nitamzika kabla ya mvua nyingine, na kwamba atakayekuwa amemuua ni mimi, kwa viroba vya mchanga.

Desemba ikaja, shule zikafungwa. Alasiri moja nilikuwa nasahihisha mitihani sebuleni, jua kali nje. Nikasikia komeo la geti. Nikatoka. Mama alikuwa amesimama getini, kanga kiunoni, miguuni amevaa buti zangu za mpira, kubwa kwake kama ndoo.

"Unakwenda wapi?"

"Limefunga kule juu." Alikuwa anatazama kaskazini, mbali, ambako kweli kulikuwa na weusi mdogo juu ya milima.

"Mama, hapa kuna jua."

"Sikukuuliza habari ya hapa."

Sijui nieleze vipi raha ya jibu lile. Miezi minane nilikuwa sijajibiwa hivyo. Nikaacha mitihani juu ya meza, nikaazima sururu kwa fundi aliyekuwa anajenga nyumba ya pili, nikaita bajaji. Njia nzima nililaumu. Nililaumu mvua, nikalaumu mpunga, nikamlaumu mama, nikawalaumu wazee wetu waliokaa bondeni wakati nchi nzima ni tambarare. Dereva alikuwa ananikubalia kila neno. Mama alikuwa amechomoza kichwa nje anamwambia aongeze mwendo.

Korongo tulilikuta kavu. Wachimba mchanga wawili walikuwa wanapanda kutoka nje na makoleo yao, wanatazama juu. Tukachukua jembe na panga nyumbani, tukauendea ukuta. Kwa mara ya kwanza maishani nilijuta kwa kufanya kazi vizuri. Ile saruji iligoma. Nilipiga sururu hadi viganja vikachubuka, mama akibandua viroba kwa panga, tukitukana wote wawili, kila mtu kwa lugha yake, maana mama akikasirika hatukani Kiswahili. Kiroba cha chini kabisa kilikuwa bado hakijatoka tuliposikia mngurumo.

Yakaja. Yalikuwa ya kahawia, na mbele yake povu, na ndani ya povu vijiti, majani, mavi ya ng'ombe mengi kama alivyosema, na kandambili moja ya mtoto. Kiroba cha mwisho maji yenyewe yalikiondoa. Yakaingia shambani kwa nguvu, yakatawanyika, yakaanza kunyamaza.

"Sasa wewe simama pale," mama akanielekeza penye lundo la udongo, chini ya mdomo. "Na jembe."

"Kwa nini pale?"

"Baba yako ndipo alipokuwa anasimama."

Nikasimama. Mama akatembea juu ya tuta hadi mwisho wa jaruba, kwenye jiwe ambalo nimeliona tangu utotoni nikidhani ni jiwe tu, akachutama, akaanza kuyatazama maji yakilipanda. Ndipo nikakumbuka. Tulipokuwa wadogo mimi na kaka tulikuwa tunafungiwa ndani na mbuzi siku korongo likija, na kutoka shambani tulikuwa tunaisikia sauti ya mama ikipiga kelele neno moja, na ya baba ikiitikia. Kisha wanarudi wamelowa, wanacheka, na nyumba ni kavu. Kila mwaka nyumba ilikuwa kavu.

"Mama!" nikapaza sauti. "Kufunga ni kazi ya watu wawili?"

"Mmoja atazame, mmoja afunge," akajibu bila kugeuka. "Peke yangu nikitoka huku kukimbilia huko yamekwishapita."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Ulikuwa unakuja na ndoo. Mtu aliyekuja na ndoo utamwambia nini?"

 Tulimzika baba mwezi wa sita, na Desemba maji yakaingia. Nimesoma chuo kikuu, nimefundisha mito na mikondo miaka zaidi ya ishirini, nimeandika barua tatu kuhusu kalavati. Kumbe mama alikuwa anahitaji mtu mmoja mwenye jembe kwa muda usiozidi nusu saa kwa mwaka, na mimi kila mwaka nilikuwa nakuja kesho yake.

"Funga!" mama akapiga kelele.

Nikaanza kutupa udongo. Wa kwanza ukaondoka na maji. Wa pili ukaondoka. "Tupa pembeni, siyo katikati! Anza pembeni!" Nikaanza pembeni, huku na huku, na mdomo ukawa mwembamba, na maji yakazidi nguvu. Mgongo ulikuwa unawaka. Nikaviburuta viroba vyangu vilivyopasuka, vile vile, nikavikandamiza, nikajitupa juu yake na magoti, na mama akaja mbio na zile buti kubwa, akaanguka, akaamka, akatupa udongo kwa mikono. Tukafunga. Lakini nilichelewa, kidogo tu, na kile kidogo kilikuwa tayari kinashuka kuelekea nyumbani.

Ndani maji yalikuwa yametutangulia kufika. Si mengi. Kitanda, ambacho mimi mwenyewe nilikishusha, kilikuwa kimesimama ndani yake, godoro limesalimika. Mama aliinama akaweka kiganja ukutani penye alama ya maji, akapima.

"Tofali moja," akasema. Alikuwa amependezwa. "Baba yako mwaka wake wa kwanza aliingiza mawili."

"Nimekufa, mama. Siwezi hata kunyoosha mgongo."

"Mwakani uwahi kidogo."

Nikamwambia mwakani asinihesabu. Nikamwambia nina wanafunzi, nina mitihani, nina umri, na kwamba dunia nzima watu wanakimbia mafuriko isipokuwa sisi. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwalimu," akanipa ndoo.

Sasa ni Desemba nyingine. Mama yuko Zuzu, kitanda kiko juu ya tofali moja, na ghalani bado kuna mchele wa maji ya mwaka jana. Mimi nimenunua buti mpya, za saizi yangu, zinakaa nyuma ya mlango pamoja na jembe. Simu siizimi hata kwenye usimamizi wa mitihani, jambo ambalo wanafunzi nawakataza. Jana alasiri kuliingia wingu upande wa kaskazini, na nilikuwa nimekwisha kumwita dereva wa bajaji mama alipopiga kuniambia nisije, limetawanyika, bado. Nikamkatia simu kwa hasira, maana nilikuwa nimeshavaa.